Fundi Aliyesindikiza Injini Zake

Fundi alikuwa mwoga. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Bunia wakimtaja huanza na mikono yake, jinsi ilivyozijua injini za zamani, nami nawaacha waseme. Lakini mimi nilimjua miaka mingi, na kilichomjaa mtu yule ni woga. Aliogopa pikipiki, kwa hiyo alitembea kwa miguu katika mji ambao hata bibi kizee na mbuzi wake hupanda pikipiki. Aliogopa radi. Aliogopa sindano, na alimwogopa zaidi daktari aliyemwambia asiogope. Mlango ukibamizwa hushika kichwa kwanza, kisha ndipo anapouliza ni nini. Simcheki. Mimi mwenyewe ni mwoga tangu nizaliwe, na labda ndiyo maana tulielewana.

Tulikutana kwa sababu ya lori la baba yangu. Ni lori la pua, lenye injini mbele, la zamani sana, ambalo baba alitoka nalo Butembo alipohamia huku, na alipofariki likabaki kwangu na kwa mdogo wangu. Mimi nauza samaki, mdogo wangu anaendesha. Lori huteremka tupu mpaka Kasenyi, ziwani, halafu hupanda na mzigo. Maisha yetu yote yako katika kule kupanda. Mlima ni mrefu na wa kona, na gari likichemka katikati hakuna pa kulisukumia. Jua likishaanza kushuka hakuna dereva atakayesimama kukusaidia, na si kwa roho mbaya. Yaliyowapata watu waliokwama pale kila mtu wa Bunia anayajua, na sitayarudia hapa. Mdogo wangu akishuka ziwani, mimi nauza sokoni huku sikio langu liko barabarani, na wateja wamezoea kuniuliza bei mara mbili.

Kinachoamua kama lori litapanda ni kitu chembamba kuliko chapati: gasketi ya kichwa cha injini. Inakaa kati ya kichwa na mwili wa injini, na kazi yake ni kuzuia moto, maji na mafuta visikutane. Ikiungua mahali padogo tu, maji yanaingia kwenye mafuta, mafuta yanageuka rangi ya chai ya maziwa, injini inachemka, na safari inaishia hapo ilipo. Mafundi wetu wanaiita joint ya culasse. Fundi hakupenda hata kuitaja. Alisema tu "ile ya katikati", kama mtu anayemsema mkwewe.

Kuichagua ilikuwa shughuli ya kumchosha mwenye gari. Kwenye maduka ya vipuri gasketi hutundikwa msumarini, moja juu ya nyingine, zikiwa zimeandikwa kila aina ya sifa. Fundi hakuchukua iliyotundikwa hata ungempa bure. Alisema imeshajifunza kujikunja, na kilichojifunza kujikunja hukisahaulishi. Alitaka iliyolala. Basi muuzaji angepanda ngazi, angetoa maboksi, angepangusa vumbi, na Fundi angeipokea kwa mikono miwili, aiinue juani, apitishe jicho kila tundu, aguse ukingo kwa kidole gumba, ainuse. Ndiyo, aliinusa. Kisha angeshukuru kwa adabu na kuondoka bila kununua, na muuzaji angenitazama mimi kana kwamba ni mimi niliyemzaa.

Akipata aliyoitaka, hakuikunja, hakuiweka kwapani. Aliilaza juu ya ubao, akaweka ubao kichwani, akatembea nayo mpaka karakana yake upande wa Mudzi-Pela, polepole, shingo imenyooka, kama mama anayerudi na beseni la maji. Siku moja nilikuwa nyuma yake kwenye barabara kubwa. Ghafla watu wakaanza kukimbia. Hapa kwetu huulizi, unaona tu wenzako wanakimbia na miguu yako imeshaanza. Maduka yakafungwa, pikipiki zikapanda hadi kwenye vibaraza, mimi nikaingia kwa fundi cherehani nikalala chini ya meza yake. Kutoka pale chini nilimwona Fundi katikati ya barabara tupu, magoti yanatetemeka mpaka suruali inacheza, na kichwa chake hakisogei. Alikuwa anatembea, maana angekimbia gasketi ingepinda. Baadaye ilijulikana kwamba hakukuwa na kitu, tairi la lori la mchanga lilikuwa limepasuka. Nilipomfikia alikuwa amekaa kwenye jiwe, amelowa jasho, ameshikilia ubao mapajani. Nilimgombeza, nikamwambia angekufa kwa ajili ya kipande cha bati na shaba. Alinijibu kwamba alifikiri hivyo hivyo njia nzima.

Kulikuwa na maneno mawili ambayo huwezi kuyasema mbele yake: iko bien, yaani iko sawa. Bunia nzima inaishi kwa maneno hayo. Unamuuliza dereva kuhusu breki, iko bien. Unamuuliza fundi wa paa kuhusu mvua, iko bien. Mtu akiyasema kwenye karakana ya Fundi, na injini imeshafungwa, yeye hufungua tena. Sisemi hadithi. Mdogo wangu alipata hasara ya siku nzima kwa sababu aliinama juu ya bolti zilizokazwa akasema iko bien, na Fundi akachukua ufunguo wa bolti akaanza kulegeza. Yeye mwenyewe neno lake la kumalizia lilikuwa "tutaona". Umeshalipa, umeshawasha, moshi ni safi, injini inaimba, unangoja akupe moyo kidogo, naye anafuta mikono, anasema tutaona. Kuna wakati nilitaka kumtwanga.

Wakati wa kukaza kwenyewe aliwatoa watu nje. Alibaki yeye na mwenye gari, na mwenye gari alitakiwa kunyamaza. Kwanza alipuliza kila tundu la bolti mpaka likauke. Kisha aliilaza gasketi, akaikagua tena kana kwamba haijui, akashusha kichwa cha injini juu yake bila kukiburuta. Halafu alileta ufunguo wake mrefu wenye mshale unaoonyesha nguvu ya mkono, alioufunga kwa kitambaa cha kitenge. Alianza na bolti za katikati, akatoka nje kwa kuzunguka, huku na kule, mzunguko wa kwanza kwa nguvu ndogo, wa pili kwa zaidi, wa mwisho mpaka mshale ufike. Kati ya mzunguko na mzunguko alikaa chini na kungoja. Nilimuuliza anangoja nini. Alisema chuma nacho kinahitaji kuzoea.

Mchungaji wetu, aliyeleta basi dogo la kanisa, aliona huo ndio wakati mzuri wa kuombea injini. Fundi alikuwa mtu wa dini, hakukosa ibada, lakini alimwomba mchungaji kwa heshima asubiri mzunguko wa mwisho uishe. Alieleza kwamba watu wakishaomba wanalegea mikono.

Sasa nifike kwenye desturi yake iliyowashangaza wote. Injini ya zamani ikifungwa upya, bolti zake hulegea kidogo baada ya moto wa kwanza, na lazima zikazwe tena ikishapoa. Mafundi wengine humwambia dereva arudi baada ya safari. Dereva harudi, kila mtu anajua. Fundi hakumwambia mtu arudi. Alipanda gari mwenyewe, safari ya kwanza, popote lilipokuwa linakwenda, ufunguo wenye mshale umelala mapajani. Yule aliyeogopa pikipiki na sindano alishuka Kasenyi na kila lori alilolifunga, alishuka Mahagi-Port, alikwenda Aru wakati ambao wenye mali wenyewe walibaki nyumbani. Kule Kasenyi, wakati wachukuzi wanapakia samaki na injini inapoa, alifungua kifuniko cha juu akakaza bolti moja moja. Ndipo alipokubali gari lipande. Mdogo wangu alisema kupanda na Fundi ni mateso, maana hufumba macho mlima mzima na kushika mlango, na kila kona anauliza kama sindano ya kipimo cha joto imesogea.

Watu walitunga sababu. Wengine walisema aliwahi kupoteza mtu mlimani. Wengine walisema ni kiapo. Nilimuuliza kwa nini, siku moja tukila mihogo karakanani, na alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Juu ya nini?" alisema. "Niko naogopa tu, Mama. Nikibaki Bunia nitaogopa zaidi."

Nisimfanye malaika. Alikuwa mbishi, alikuwa mzito wa kusamehe, na alikosea. Wakati mmoja hakupata gasketi ya lori letu mahali popote, akakata ya shaba kwa mkono wake, akaipasha moto mpaka ikawa nyekundu na kuitia majini ili iwe laini. Ilikuwa nzuri kuitazama, ungeweza kuivaa shingoni. Lakini kichwa cha injini kilikuwa kimesuguliwa na fundi mwingine zamani, kimekonda, nacho kilihitaji gasketi nene zaidi. Fundi hakukipima. Tulipowasha injini ikagonga, vyuma ndani vinagusana, naye akaizima haraka na kusimama pale midomo imekauka. Hakuna kilichovunjika. Lakini hakula siku hiyo, wala iliyofuata, na mke wake alikuja kwangu kulalamika kana kwamba mimi ndiye niliyekikondesha kile chuma. Baada ya hapo alipima kila kichwa cha injini, hata cha gari jipya, hata cha pampu ya maji.

Mke wake naye alikuwa na kesi moja dhidi yake, na aliisimulia kwa kila mgeni. Walikuwa watu wa Djugu. Walipokimbia kuja Bunia, jirani zao walibeba magodoro, sufuria, kuku, mashine ya kushonea. Mume wake alibeba gasketi. Ilikuwa imefungwa kati ya mbao mbili, mpya na nene, akiba ya injini kubwa ya kinu alichokihudumia kule, injini ya ukoo mmoja na ya lori letu. Alitembea nayo kichwani njia yote. Na walipofika na kupata chumba cha kupanga, aliiweka chini ya godoro, na hapo ikakaa.

"Siye wawili tunalala juu ya culasse," mke wake aliniambia. "Mutoto akiuliza urizi, nitamuonyesha ile."

Fundi aliposikia alicheka bila sauti. Nilijua ile gasketi ingefaa lori langu, naye alijua kwamba najua. Kila lori lilipounguza gasketi nilitazama upande wa godoro, na kila mara alisema ile ni ya siku ingine.

Siku ingine ilikuja kwa unga wa muhogo. Mdogo wangu alikuwa anapanda kutoka ziwani, rejeta ikaanza kuvuja, jua linashuka. Kuna ujinga ambao madereva wa njia ile wanafundishana: ukimwaga unga kidogo kwenye rejeta, unaziba tundu. Mdogo wangu si mtu wa kidogo. Alimwaga mfuko. Unga ukaziba tundu, kweli, na alifika Bunia akijisifu. Kesho yake ulikuwa umeshaiva, umeziba njia zote za maji, na gasketi ikaungua mbele ya nyumba yetu. Nilimshukuru Mungu kwamba ni mbele ya nyumba, kisha nikakaa kizingitini nikalia, kwa sababu moyo wangu uliona mahali pengine ilipoweza kuungulia.

Wakati huo Fundi alikuwa ameshaanguka. Maradhi yalimpiga upande wa kulia, mkono ukalegea, na maneno yakawa yanatoka moja moja. Alikuja hata hivyo, akishikwa na mke wake. Alichungulia ndani ya injini, akachota kitu cheupe kwa kidole cha mkono wa kushoto.

"Mulipikia injini bugali," alisema. "Mulisahau mboga."

Huo ulikuwa utani wake wa mwisho kwa siku nyingi. Mdogo wangu alisafisha unga wote na kuziba rejeta, lakini maduka yote hayakuwa na gasketi yetu. Shaba ya kukata ilikuwepo, lakini mkono wa kuikata haukuwepo. Fundi alikaa karakanani akitazama injini iliyo wazi, kisha akamwambia mke wake maneno machache. Yule mama aliondoka, akarudi na mbao mbili kichwani. Aliziweka chini taratibu, naye alikuwa analia, yule aliyeitukana ile gasketi miaka yote.

Mdogo wangu alinyoosha mkono kuchukua ufunguo. Fundi alimzuia. Alinionyesha mimi.

Nilikataa. Nilisema mimi ni muuza samaki, mikono yangu inajua magamba, bolti haizijui. Nilisema dereva ndiye anayelijua gari. Fundi alikusanya maneno yake, ikamchukua muda, na jasho likamtoka.

"Chauffeur haogopi," alisema. "Atasema iko bien. Weye unaogopa. Shika."

Nikashika. Alikaa pembeni yangu kwenye kigoda na kunionyesha bolti kwa kidole, katikati kwanza, halafu nje kwa kuzunguka. Aliutazama mshale kuliko nilivyoutazama mimi. Nilipoharakisha alinigusa kiwiko. Tulingoja kati ya mizunguko, na katika kule kungoja nilisikia moyo wangu ukienda mbio nikaelewa kwa nini aliwatoa watu nje. Tulipomaliza, aliufunga ufunguo kwenye kitenge kwa mkono mmoja na meno, akanilazia mapajani. Safari ya kwanza ilikuwa yangu.

Kule kuteremka sikumbuki sana. Nakumbuka vizuizi, na askari mmoja aliyeuliza ninachokibeba mapajani, na mdogo wangu akajibu ni mtoto wa shangazi. Kasenyi ilikuwa na joto na harufu niliyoizoea kutoka kwenye vikapu, lakini ziwa lenyewe nilikuwa sijaliona tangu baba afariki. Mdogo wangu alitaka tupande mapema. Nilisema hapana, injini ipoe. Wachukuzi walipakia, wakamaliza, wakakaa kivulini wakinitazama, mama mzima aliyepanda juu ya bampa na kitenge chake, anagusa chuma kila mara kama anayepima homa. Mdogo wangu alionyesha jua. Nililiona jua. Niliogopa kukawia na niliogopa kuharakisha, na hofu zote mbili zilikuwa za haki. Nilingoja mpaka chuma kikubali mkono wangu. Ndipo nikafungua kifuniko, nikaanza katikati. Nyingi zilikuwa zimelegea, kidogo tu. Moja ilikuwa imelegea sana.

Mlima ulikuwa mrefu kuliko hadithi zake. Nilifumba macho, nikashika mlango, na kila kona nikauliza kama sindano imesogea. Mdogo wangu hakunicheka. Mahali fulani tulipita lori lililokwama, kifuniko wazi, mvuke unatoka, watu wake wamesimama wakitazama juu na chini. Walitupungia mikono. Mdogo wangu hakusimama, nami sikumwambia asimame, na nimelibeba hilo mpaka leo. Kesho yake nilisikia kwamba walifika salama, wamevutwa na gari la jeshi, lakini usiku ule sikulijua hilo.

Tuliingia Bunia giza likianza kushika. Pale barabara ya ziwani inapoanza kuwa na nyumba, kwenye jiwe la kando ya njia, Fundi alikuwa amekaa na mke wake. Mama yule alisema wako pale tangu asubuhi, amekataa kula, amekataa kurudi, kila lori linaloingia anasimama nusu halafu anakaa. Mdogo wangu alizima injini. Nilishuka, nikaenda kumrudishia ufunguo wake.

Hakuupokea. Aliinuka, akalifikia lori kwa kushikilia bega langu, akaweka mkono mzima juu ya pua ya gari. Akauacha pale muda mrefu. Nilimweleza bolti zilizolegea, nikamweleza ile moja, nikamweleza lori lililokwama na mvuke wake. Nilikuwa naongea haraka, meno yanagongana, na baridi haikuwepo. Aligeuka akanitazama usoni, alivyokuwa akizitazama gasketi juani.

"Bado unaogopa?" aliuliza.

"Niko naogopa, Papa Fundi. Hata sasa."

Aliitikia kwa kichwa polepole. Aliukunja mkono wangu juu ya ufunguo, kidole kwa kidole, mpaka ukafungika.

"Basi," alisema, "iko bien."